Plau halinyanyuki: usikimbilie pampu

Kuanzia Septemba hadi Novemba, kabla mvua hazijashika Kanda ya Kati, barabara ya kutoka Dar es Salaam kupitia Morogoro hadi Dodoma huwa haikosi lori lililobeba trekta. Machache ni mapya kabisa. Mengi yamekwisha kulima Ulaya miaka mingi, yakapakwa rangi, yakapanda meli: mekundu ya Massey Ferguson, ya buluu ya Ford. Anayelisubiri trekta hilo Kongwa, Kiteto au Babati amejibana misimu kadhaa. Ameuza mahindi na alizeti, ameuza na ng'ombe, pengine amekopa. Likishushwa, majirani hujaa uani na watoto hugombania usukani.

Siku ya kwanza shambani ndiyo inayosema kweli. Plau la sahani tatu linafungwa, leva inavutwa juu, plau halitikisiki. Au linanyanyuka vizuri asubuhi, lakini saa sita mchana, oili ikishapata moto, linapanda kwa kusitasita na mwisho linagoma. Au linapanda, ila injini ikizimwa tu linashuka taratibu mpaka linagusa udongo. Mwenye mali anampigia simu fundi. Fundi anasikiliza dakika mbili, kisha anatoa hukumu akiwa hukohuko aliko: "Pampu imekufa, bosi. Tuma hela ya pampu."

Hukumu hiyo ya kwenye simu ndiyo inayowamaliza wakulima wetu, kuliko ubovu wenyewe. Pampu ya haidroliki inaweza kweli kufa, lakini ni ya mwisho kushukiwa, maana ndiyo ngumu kufikia na ndiyo ghali. Kabla yake kuna mambo matano au sita yanayoleta dalili zilezile, na mengi yake mtu huyamaliza kwa spana mbili, ndoo na kitambaa safi.

Ili kuona kwa nini, ni vizuri kujua kilichomo tumboni mwa matrekta haya. Mfumo wa kunyanyua plau kwa nguvu ya oili ulienezwa na Harry Ferguson, fundi wa Ireland aliyezaliwa mwaka 1884, ambaye kabla ya matrekta alikwisha kuunda ndege na kuirusha mwenyewe mwishoni mwa mwaka 1909. Zama zake trekta lilikuwa linakokota plau kama ng'ombe anavyokokota. Plau likinasa kwenye kisiki, magurudumu ya nyuma yaliendelea kusukuma, pua ya trekta ikainuka, na madereva wengi walifia chini ya mashine zao. Ferguson aliliunganisha plau na trekta kwa mikono miwili ya chini na mmoja wa juu, ule ambao mafundi wetu wanauita toplinki. Udongo ukiwa mgumu, plau linaisukuma toplinki, toplinki inabonyeza springi, springi inaisogeza valvu, na oili inalinyanyua plau kidogo tu. Uzito wa plau unahamia kwenye magurudumu ya nyuma, yanapata mshiko, na trekta dogo linafanya kazi ya trekta kubwa. Mwaka 1938 alikubaliana na Henry Ford kwa kupeana mikono tu, bila mkataba wa maandishi, na mwaka uliofuata likatoka Ford 9N. Makubaliano hayo yaliishia mahakamani, na mwaka 1952 Ford wakakubali kulipa dola milioni 9.25. Mwaka 1953 kampuni ya Ferguson iliungana na Massey-Harris, na kutokana na muungano huo baadaye likaja jina tunalolijua.

Sehemu ya historia hiyo inayokugusa wewe mwenye plau lisilonyanyuka ni hii: katika Massey Ferguson za ukoo wa 35, 135 na 165, pampu imekaa ndani kabisa ya bodi, imezama kwenye oili ileile inayolainisha giaboksi na difu. Ina pistoni nne. Ili kuitoa, kifuniko kizima cha juu, pamoja na kiti na mikono ya kunyanyulia, sharti kiondolewe kwa winchi. Hiyo si kazi ya kufanya chini ya mwembe, upepo unapuliza vumbi, kwa sababu tu mtu amehisi. Na kwa kuwa oili ni moja, uchafu wa giaboksi, chembe za chuma za gia zilizolika na maji yaliyoingia kwa juu, vyote hatimaye hupita mdomoni mwa pampu.

Kwa hiyo anza na oili. Kwa kweli, hata kama huna tatizo lolote, anza na oili.

Kibaigwa, kwenye soko lile kubwa la mahindi wilayani Kongwa, nimemwona fundi mmoja kijana akifanya kazi hii kwa utaratibu ninaotamani ungefuatwa kila gereji. Mzee mmoja alikuwa amelileta Massey Ferguson 165 alilolinunua karibuni. Alikwisha kuambiwa kwingine kuwa pampu imekufa, na fedha ya pampu alikuwa nayo mfukoni. Kijana hakugusa kifuniko cha juu. Alichomoa kijiti cha kupimia oili, akakipangusa kwenye kiganja, akakiinua kwenye mwanga.

"Shikamoo mzee. Oili hii aliiweka nani?"

"Marahaba mwanangu. Sijui. Nimelinunua likiwa hivyohivyo."

Oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Kijana alipanda juu, akaukunja kwa vidole mpira unaofunika shina la gia leva. Ulikuwa umepasuka upande wa chini, pasipoonekana mtu akisimama pembeni. Trekta lililosafiri melini, likakaa bandarini na uani bila turubai, lilikuwa limekunywa mvua kupitia tundu hilo. Oili iliyochanganyika na maji hutoa povu, na pampu inayovuta povu haiwezi kusukuma. Alifungua nati ya kumwagia na kwanza yakatoka maji matupu, kisha uji mweupe, mwisho oili yenyewe. Alisafisha chujio la pampu, lililokuwa limezibwa na utando kama krimu, akajaza mafuta mepesi kusuuza, akamwaga tena, kisha akaweka oili mpya na mpira mpya. Plau lilipanda. Fedha ya pampu ilirudi mfukoni mwa mzee, na sehemu yake ikanunua oili.

Kiasi cha oili nacho kinasumbua. Bodi ya MF 135 hubeba karibu lita 30, na wanunuzi wengi hushtuka wakisikia, basi wanaongeza galoni moja na kuridhika. Trekta likiwa tambarare linanyanyua. Likipanda mwinuko, oili inakimbilia nyuma na pampu inavuta hewa. Aina ya oili ni jambo zito zaidi. Kuna wanaoweka oili nzito ya difu ya lori kwa kudhani uzito ni nguvu. Asubuhi ya baridi ya Mbulu au Njombe oili hiyo haipiti kwenye chujio, na pampu hulia kwa sauti ya kukwaruza. Modeli ambazo breki zake zimezama ndani ya oili zinahitaji oili maalumu ya matrekta inayofaa gia, haidroliki na breki kwa pamoja. Ukiweka oili yoyote tu, breki zinapiga kelele na sahani zake zinaungua. Jina la oili inayotakiwa limeandikwa kwenye kitabu cha modeli. Muuzaji akisema kitabu kilipotea, kitafute, kwani nakala za modeli hizi zinapatikana.

Oili ikiwa safi na ya kutosha, na bado mikono haipandi, tazama leva kabla ya kutazama chuma. Massey Ferguson nyingi zina leva mbili pembeni mwa kiti. Moja inafuata ugumu wa udongo, nyingine inaweka mikono mahali unapotaka ikae. Kila moja ina nafasi yake ya kupumzika pale mwenzake inapofanya kazi, na zikichanganywa mikono hugoma huku pampu ikiwa nzima. Kwenye Ferguson za kale za TE20, zilizoanza kuundwa Coventry mwaka 1946, pampu inaendeshwa na shafti ya PTO, ile ya nyuma inayozungusha zana, kwa hiyo leva ya PTO ikiwa huru hakuna kitakachonyanyuka. Halafu liko jambo linalowapata wanaonunua matrekta yaliyotoka mashamba ya Uingereza: mengi yalivuta tela za kumwaga mzigo, yakafungwa bomba na koki ya kupeleka oili nje. Koki ikibaki imeelekezwa kwenye tela, oili haiendi kwenye mikono. Kuigeuza koki hiyo hakuhitaji hata spana.

Baada ya hapo, zisikilize dalili, kwa sababu kila moja ina maana yake. Mikono inayofanya kazi oili ikiwa baridi na kuchoka ikishapata moto inaonyesha kuvuja kwa ndani: oili ya moto ni nyepesi, inapenya kwenye pistoni au valvu zilizolika. Inayokataa asubuhi na kukubali baadaye inaonyesha njia ya kuvutia imebanwa au oili ni nzito mno. Inayopanda kwa kudunda inaonyesha kuwa baadhi ya vyumba vinne vya pampu havisukumi, na hapa ndipo pampu inaanza kushukiwa kwa haki. Na ile inayopanda vizuri lakini inashuka injini ikizimwa ina tundu mahali fulani kati ya pampu na silinda. Hilo unaweza kulitafuta kwa macho. Punguza oili, fungua kifuniko kidogo cha ubavuni, ning'iniza mzigo, zima injini, kisha mulika ndani kwa tochi. Oili ikichuruzika kwenye maungio ya bomba la wima linalopeleka oili juu, ni oringi. Ikitoka kwenye mdomo wa silinda, ni ringi za pistoni ya kunyanyulia. Ikitoka kwenye pampu yenyewe, ni valvu.

Oringi ni kipira cha bei ndogo kabisa kwenye duka la spea. Wapo walionunua pampu nzima kwa sababu ya oringi mbili.

Kipimo cha mwisho ni geji. Matrekta mengi ya umri huu hufanya kazi kwenye shinikizo la kati ya bar 170 na 210. Geji ikifungwa kwenye tundu lake na kusoma kiwango cha kitabu, pampu ni nzima, na ugonjwa uko juu, kwenye silinda au valvu. Ikisoma chini sana na oili ni safi, sasa una ushahidi, lete winchi. Nimezunguka gereji nyingi za vijijini zenye mashine ya kuchomea, kompresa na spana za kila namba, lakini geji ya haidroliki ni nadra kuiona. Bila geji fundi anapiga ramli, na anayelipa ni mkulima.

Niseme na la usalama, kwa sababu watu wanakufa. Usiingie chini ya plau lililoshikiliwa na oili peke yake, hata kwa sekunde, weka vigogo. Na usitafute tundu la mpira wa haidroliki kwa kidole. Oili ya shinikizo hilo hutoboa ngozi kama sindano, jeraha linaonekana dogo, na ndani nyama inaoza. Tumia kipande cha boksi. Ikikuchoma, nenda hospitali saa hiyohiyo, na mwambie daktari wazi kwamba ni oili ya haidroliki imeingia mwilini.

Kwenye injini, kosa la kukimbilia kikubwa ni lilelile. Trekta linalofanya kazi nusu saa, linakosa nguvu, linazimika, na baada ya kupumzika linawaka tena, mara nyingi halina ubovu wa injini. Fungua mfuniko wa tangi likiwa limezima: ukisikia hewa inavutwa, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba. La sivyo, tazama uchafu kwenye mdomo wa tangi, kisha filta. Filta ikibadilishwa, hewa sharti itolewe kwa kusukuma pampu ndogo ya mkono na kulegeza skrubu zake, moja baada ya nyingine kuanzia upande wa tangi, hadi dizeli itoke bila mapovu. Pampu ya dizeli ya CAV iliyofungwa kwenye injini nyingi za Perkins inalainishwa na dizeli yenyewe, kwa hiyo mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa yanailia polepole. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji wa aina hiyo. Dizeli ya madumu inayouzwa kando ya barabara haina wa kuithibitisha. Moshi mweupe usiokwisha injini ikiwa na moto, moshi wa buluu, na upepo mkali unaotoka kwenye bomba la kupumulia la injini ni habari nzito zaidi. Hapo mwite fundi wa injini.

Breki inayoshika upande mmoja kwenye MF 135 au 240, tazama sili ya ekseli ya nyuma kabla ya kununua pedi. Sili ikichoka, oili ya difu inaingia kwenye ngoma ya breki, na pedi mpya italowa wiki hiyohiyo.

Yote haya yangekuwa mepesi kama yangepimwa kabla ya fedha kutoka. Nenda kwa muuzaji bila kumpa taarifa ya saa, na uguse injini kwanza. Ikiwa ya moto, amekwisha kuiwasha ili isikuonyeshe inavyosumbua ikiwa baridi, basi subiri ipoe. Mita ya saa usiiamini peke yake. Tazama pedali za klachi na breki zilivyolika, meno ya shafti ya PTO, matundu ya kufungia plau kama bado ni duara au yamekuwa mayai. Rangi mpya iliyopita juu ya nati, mpira na vumbi ilipakwa na mtu mwenye haraka. Weka gia ya juu, kanyaga breki, achia klachi taratibu: injini inapaswa kuzima, na isipozima klachi inateleza. Kisha omba plau. Muuzaji akisema hana, omba chochote kizito. Kinyanyue, zima injini, keti umalize kikombe cha chai. Ikiwa kimeshuka kabla hujamaliza kikombe, bei ya kwanza aliyotaja si bei tena.

Wanaonunua matrekta mapya kutoka kiwandani wasidhani hayo hayawahusu. Wengi husahau huduma ya saa 50 za mwanzo, ambapo oili ya injini na filta hubadilishwa na nati za magurudumu hukazwa upya. Vyuma vipya vinasagana, na chembe zake lazima ziondoke. Dhamana ya kiwanda hupotea hapohapo, kwa mkulima kuokoa galoni mbili za oili.

Kongwa inakumbuka hasara ya kupuuza matengenezo kwa namna ya pekee. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza huko mpango mkubwa wa karanga. Mitambo mingi iliyoletwa ilikuwa mitumba ya jeshi, mingine ikitoka kwenye maghala ya Ufilipino baada ya vita, na vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Udongo mgumu wa Kongwa uliyalaza moja baada ya jingine, spea hazikuwepo, mafundi walikuwa wachache, na mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya mamilioni ya pauni kuteketea. Dola zima lilishindwa kwa kununua mashine kwanza na kufikiria gereji baadaye. Mkulima mwenye trekta moja hana pa kupeleka hasara ya namna hiyo.

Ndiyo maana jambo hili si la mkulima peke yake. Nchi ina CAMARTEC pale Arusha, iliyoundwa mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo, na ina vyuo vya ufundi vya VETA mikoani. Naziomba halmashauri za wilaya zinazolima kwa matrekta, pamoja na AMCOS zake, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zinunue geji za haidroliki na kuziweka mahali ambapo fundi yeyote anaweza kuziazima kwa kuacha kitambulisho. Vyuo vya VETA navyo vilete mafunzo ya haidroliki ya matrekta kwa mafundi waliokwisha kuwa kazini, miezi ya Julai na Agosti, kabla ya msimu. Vijana wa gereji wanaijua kazi. Wanachokosa ni kipimo.

Na wewe uliyenunua trekta mwaka huu, usisubiri mvua. Mwaga oili ya haidroliki leo uione rangi yake. Safisha chujio, badili mpira wa gia leva hata kama unaonekana mzima, jaza oili iliyotajwa kwenye kitabu, kisha andika kwenye daftari tarehe, aina ya oili, lita ulizoweka na saa zinazoonyeshwa na mita. Fundi akifika, mpe daftari hilo kwanza, na usimlipe pampu mpaka akuonyeshe geji.